Nilimcheka mvuvi, leo nanunua minyoo ya plastiki

Msomaji wangu, kama miaka sita iliyopita ungeniambia kwamba ipo siku nitatoa dola 25 mfukoni mwangu ili niruhusiwe kuvua samaki ambaye hata simli, ningekuuliza asubuhi umekunywa nini. Hela unatoa ukinunua samaki. Ukivua, wewe ndiye unayepewa hela. Hivyo ndivyo tulivyojua kule Kirumba, Mwanza, na sidhani kama kwenu ni tofauti.

Lakini ndiyo yamenikuta. Nipo Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mtoto wa Kirumba mwenye cheti cha kidato cha sita na usingizi usioisha, na kwenye pochi, nyuma ya leseni ya gari, nina leseni ya kuvua. Ya mwaka mzima! Kwenye buti la gari nina fimbo, rili na pakiti nne za minyoo. Minyoo ya plastiki. Usicheke kwanza, subiri.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo stori hii haina kichwa wala mkia.

Kaka yangu ni mvuvi wa sangara. Aliishia darasa la saba, akaingia ziwani, na hajatoka mpaka leo. Jioni akiondoka anabeba jaketi, tochi na ndoano zake mia kadhaa zilizopangwa vizuri kuliko daftari zangu. Alfajiri anarudi macho mekundu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mtumbwi ule, na ile ya kidato cha tano na sita ilitoka hasa kwenye mabondo. Kwa ninyi wa mjini msiojua, bondo ni kile kifuko cha hewa ndani ya tumbo la sangara. Wachina wanalitaka, na bei yake inaweza kumtia samaki mwenyewe aibu. Mimi nimesomeshwa na vifuko vya hewa.

Basi bwana, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha sita, mwenzake kaka mmoja akashikwa na malaria. Kaka akaniomba nimsaidie wiki moja tu. Aliniomba pale mwaloni, mbele ya wenzake. Nami, kijana wa shati la kunyoosha, nikamjibu kwa sauti: "Kaka, sikusoma miaka kumi na tatu ili nije kunuka samaki."

Wenzake wakacheka. Kaka naye akacheka kidogo, akachukua jaketi lake, akaondoka. Hakuniomba tena. Na miezi kadhaa baadaye nilipobahatika kwenye bahati nasibu ya viza ya Marekani, nauli ya kwenda Dar kufanyiwa usaili ubalozini nilipewa na nani? Na huyohuyo. Hela ilikuwa inanuka samaki, nikaihesabu mara mbili.

Kuhusu majuu sitasema mengi, mmeshasimuliwa na wengi na nusu ni uongo. Nabeba boksi. Naingia ghalani saa tatu usiku, natoka saa kumi na moja alfajiri. Kodi ya nyumba, bima ya gari, simu, basi. Nikipata nafasi nawaandikia ninyi safu hii, na mhariri anajua anavyonilipa, tuyaache hayo.

Mwaka wangu wa pili huku, kaka akanipigia. Alikuwa anakodi mashine ya mtumbwi, na mwenye mashine alikuwa anakula karibu kila kitu. Nikajisikia mtu mkubwa. Nikamwambia: "Kaka, tafuta nusu ya hela. Nusu nyingine niachie mimi." Nusu yangu ilikuwa dola 900. Nilizikusanya kweli, nisiwadanganye. Zilifika. Halafu giaboksi ya gari ikafa, na bila gari huku kazini hufiki, na usipofika huna kazi. Dola 900 zikaingia kwenye giaboksi.

Mtu mwenye akili angepiga simu akaeleza. Mimi nikala kona. Kaka akipiga, naiacha simu iite mpaka inyamaze. Nikajibu meseji moja, "nipo kazini nitakupigia," halafu sikupiga. Wiki ikawa mwezi. Mama akawa ndiye wa kuongea naye, na mama akitaja jina la kaka mimi nauliza bei ya mchele. Miaka miwili ikaenda hivyo.

Sasa twende ziwani.

Kusini mwa Akron kuna maziwa yanaitwa Portage Lakes. Usifikirie Nyanza, hapana. Hapa ukisimama upande huu unaona mtu wa ng'ambo anakata nyasi. Zamani maji yake yalitumika kulisha mfereji wa Ohio na Erie, ule uliopitisha mashua za mizigo kabla ya treni kuja kuharibu biashara. Siku hizi ni mahali pa kupumzikia. Mimi nilianza kwenda pale kwa sababu moja tu: jirani yangu wa juu ana watoto watatu na wote wanaamka saa kumi na mbili. Nikitoka kazini naegesha gari pembeni ya maji, nashusha kioo, nalala.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano nikaamshwa na sauti ya kitu kikidondoka majini, chubwi! Nikafungua jicho moja. Mzee Mmarekani mweusi, kofia ya besiboli, kiti cha kukunja, fimbo mkononi. Baadaye nilijua ni mstaafu wa viwanda vya matairi. Mji huu ndiyo uliokuwa mji wa matairi duniani, Goodrich, Goodyear na Firestone wote walianzia hapa. Nikamtazama nusu saa nzima. Hakupata kitu. Akavuta mshipi, na mwishoni ukaning'inia mnyoo mrefu kama kiganja, rangi ya zambarau, una vumbi linalometa kama kucha za bibi harusi.

Nikatoka garini. Ushamba wangu ukanishinda. Nikamuuliza: "Mzee, huyo mdudu ni wa kweli?"

Akanipa nimshike. Plastiki! Laini, inateleza, inanukia vitunguu saumu. Nikacheka mpaka mzee akacheka. Nikamwambia kwetu samaki tunamlaghai kwa chambo hai, samaki mdogo anayetikisa mkia, na bado sangara mwingine anakataa. Huyu wa kwenu anakula mpira?

Mzee akasema: "Kijana, huu mji wote umekula mpira. Kwa nini samaki asile?"

Hapo ndipo nilipopata elimu ambayo kidato cha sita hakikunipa. Mnyoo huu wa plastiki laini, ambao leo unauzwa duniani kote, ulipikwa hapahapa Akron mwaka 1949. Aliyeupika ni bwana Nick Creme na mkewe Cosma, nyumbani kwao. Jikoni, jamani. Mke na mume wanachemsha plastiki kwenye sufuria mpaka ipate ulaini wa mnyoo. Fikiria harufu. Fikiria mama mkwe amekuja kutembea siku hiyo. Baadaye wakahamia Texas na biashara ikakua. Kila nikinunua pakiti namkumbuka mama Cosma na sufuria yake.

Samaki mwenyewe anaitwa besi. Wanaandika kama ile besi ya spika, matamshi ndiyo tofauti. Ni wa kijani, ana mstari mweusi ubavuni kama alichorwa na mtoto, na mdomo! Akiufunga, pembe ya mdomo inapita nyuma ya jicho. Akiufungua unaweza kuingiza ngumi. Anajificha kwenye magugu, chini ya gogo, chini ya gati za watu wenye nyumba nzuri, akisubiri kinachopita. Hana mbio, ni mviziaji. Ndugu zake wapo hata Naivasha, Kenya. Waliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 wakati wa Waingereza, ili mabwana wapate mchezo wa Jumapili.

Na sikilizeni hili, akina dada. Wakati wa kutaga, dume ndiye anayechimba kiota. Jike anakuja, anataga, anakula kona. Baba anabaki analinda mayai, na watoto wakishaanguliwa anaendelea kuwalinda kwa muda, akimfukuza kila anayesogea. Mzee wangu mwezi ule wa tano alikuwa akiona dume juu ya kiota anahamisha kiti. "Huyo yuko kazini," anasema. Naomba ukurasa huu usikatwe ukabandikwa ukutani kwa watu, mimi nimesimulia habari za samaki tu.

Nikachukua leseni. Nikanunua fimbo ya bei ya chini kabisa dukani. Mzee akanifundisha kufunga ule mtindo wanaouita wa Texas. Unaanza na chubwi, yenye umbo la risasi ya bunduki, inateleza huru kwenye mshipi. Halafu ndoano. Ncha unaichomeka kichwani kwa mnyoo, kidogo tu, unaitoa ubavuni, unaizungusha, halafu unaizika tena tumboni mwa mnyoo. Ndoano ikawa imejificha ndani. Kwa hiyo unaweza kuitupa katikati ya magugu na isikamate hata jani. Ujanja mtupu! Kaka angeuona, nilifikiri. Halafu nikaacha kufikiri.

Ukishatupa, hufanyi kitu. Hapo ndipo kazi ilipo. Mimi nilikuwa natupa na kuvuta, natupa na kuvuta, kama mtu anayepepea mkaa. Mzee akaniambia: "Unamkimbiza wapi? Mwache azame." Mnyoo unashuka taratibu, mkia unacheza wenyewe, na mara nyingi samaki anampokea akiwa bado njiani. Wewe kazi yako ni kuutazama mshipi pale unapoingia majini. Ukiruka kidogo, ukisogea pembeni bila upepo, au ukilegea kabla ya wakati wake, ujue mgeni kafika.

Wiki ya kwanza, sifuri. Wiki ya pili, sifuri, na mnyoo mmoja umekatwa mkia na samaki wadogo waliokuwa wananicheka. Rangi nilijaribu zote. Minyoo hii ina rangi kama vitenge: tikiti maji, boga, zambarau, na moja nyeusi ya kijani inayoitwa oili ya injini. Kweli, ndilo jina lake. Mzee anaamini hiyo maji yakiwa na tope. Mimi nikaichukua kwa sababu ilikuwa imeshushwa bei.

Wiki ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, mshipi wangu ukatembea. Sikusikia kitu mkononi, ulitembea tu, taratibu, kuelekea kwenye gati. Nikaganda. Mzee nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo: "Shusha fimbo. Kusanya mshipi uliolegea. Sasa!" Nikavuta.

Jamani. Fimbo ikajikunja kama uta. Maji yakapasuka na besi akaruka juu mzimamzima, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama mtu anayekataa posa. Moyo ulikuwa unadunda kooni. Akazama, akakimbilia magugu, nikamrudisha, akaruka tena. Labda dakika mbili zote. Nilipomshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, kama nilivyomwona mzee anafanya, miguu ilikuwa inanitetemeka. Inchi 14. Kilo hakufika. Sangara wa kilo arobaini nimewaona wakishushwa mwaloni utoto wangu wote na sikuwahi kugeuza shingo mara mbili.

Mzee akanipiga picha. Halafu akasema: "Haya, mrudishe."

"Nimrudishe wapi?"

"Majini."

Nikadhani Kiingereza changu kimeniangusha. Nikamwangalia samaki, samaki akaniangalia. Nimekaa wiki tatu, nimelipa leseni, nimenunua minyoo, nimekosa usingizi, halafu nimrudishe? Kwetu ukimrudisha samaki majini watu wanamwita mama yako waje wakuombee. Lakini nilichungulia huku na huku nikaona wote wanarudisha. Wanavua, wanapima, wanapiga picha, wanambusu, wanamwachia. Nikaona haya kuwa mtu pekee mwenye njaa ziwani. Nikamwambia mzee huyu anaruhusiwa kisheria na mimi naondoka naye. Nikamtia kwenye mfuko wa plastiki, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jikoni nikampasua. Tumboni nilikuta gando la kamba wa maji baridi, na kipande cha mnyoo wa plastiki, cha rangi ya chungwa. Si wangu. Cha mtu mwingine, wa siku nyingine, kipo vilevile, hakijaoza hata kidogo. Kilinikera. Tangu siku hiyo mnyoo ukichanika nautia mfukoni, ndiyo maana suruali zangu zote zinanuka vitunguu saumu. Samaki nikamkaanga, nikamuunga na nyanya, pilipili na ndimu, nikasonga ugali wa unga wao wa njano. Nikala peke yangu saa tatu asubuhi, mapazia nimefunga. Mtamu, nisiseme uongo. Mwiba ulikuwa kwenye kula peke yangu.

Wiki nzima sikwenda ziwani kwa aibu. Nilipokwenda, mzee akaniuliza jambo moja tu: "Ulimpikaje?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akanipa habari ya George Perry. Huyu alikuwa kijana mkulima, maskini, kule Georgia. Tarehe 2 Juni 1932, wakati uchumi wa Marekani umelala chali, alivua besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Mwaka 2009 Mjapani mmoja, Manabu Kurita, alimpata wa kulingana naye kwenye ziwa Biwa kwao. Ngoma droo.

"Unajua Perry alimfanya nini yule samaki?" mzee akauliza.

"Alimrudisha."

"Alimpeleka nyumbani, familia ikamla."

Mzee akacheka peke yake muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika simu, naangalia ile picha yangu na besi. Nilitaka kumuonyesha mtu. Huku wenzangu wa ghalani niliwaonyesha, wakasema "safi" wakaendelea kutafuna. Washikaji wa Dar wangeuliza samaki wa nini, tuma hela. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeangalia picha ile na kuuliza maswali ya maana. Na huyo nilikuwa nimemkimbia miaka miwili.

Nikaituma. Bila salamu, bila maneno. Kwetu huko ilikuwa saa nane mchana, muda wa kaka kutengeneza ndoano zake. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Nikaiweka simu kifudifudi kwenye nyasi kama mtu aliyetupa jiwe kwenye paa la watu.

Ikaita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Huyo samaki gani?"

Nikamwambia. Akauliza anakaa kina gani. Akauliza ndoano namba ngapi, sikujua. Akauliza chambo. Nikasema mnyoo. "Mnyoo wa kuchimba?" Nikasema wa plastiki. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu nikasikia kicheko kile cha tangu utoto, cha kuanzia tumboni, akawa anaita watu: "Jamani njooni, huyu bwana mdogo anavulia plastiki!" Nikasikia mwalo mzima unacheka. Wenzake walewale, naamini. Safari hii nilicheka nao.

Nikamweleza kuhusu kumrudisha samaki. Akasema, "Mnaachia? Kwa makusudi?" Nikamweleza rekodi ya kilo 10. Akasema huyo kwao hapigwi picha. Nikamweleza navyomsubiri kwa kutazama mshipi, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazi. "Usitazame tu," akasema. "Uweke juu ya kidole. Kidole cha shahada. Usiku mimi siuoni mshipi, nausikia. Samaki mwenye njaa anapiga. Samaki mkubwa hapigi, anaegemea. Ukisikia kama mtu kaegemea mlango, huyo ndiye." Miaka yote tuliyolala chumba kimoja sikuwahi kujua kwamba kaka anajua hilo. Sikuwahi kumuuliza.

Nilitaka kusema habari ya giaboksi. Nilikuwa nimeifungulia mdomo kabisa. Bando lake likaisha.

Kesho yake nikaweka mshipi juu ya kidole. Nawaapia, nilipata wawili. Wa pili aliegemea.

Tangu hapo tunaongea kila wiki, habari ni samaki tu. Upepo, mwezi, maji. Mashine haitaji, nami sitaji. Ila huwa namsikia anavyopumua akitaja kwamba leo hakwenda mbali, alikaa karibu na ufuko, na najua mtu anakaa karibu na ufuko kwa sababu ya nini.

Mwezi wa kumi na mbili kuna Mbongo mmoja wa hapa Akron alikuwa anakwenda likizo Mwanza. Nikampa pakiti mbili za minyoo ampelekee kaka, moja ya zambarau, moja ile ya oili ya injini, na ndoano kumi. Nilifikiri atafurahi. Nilikuwa na hela kidogo pia, nikaona ni chache, nikaona aibu kutuma chache, nikatuma minyoo. Mniambie ninyi huo ni utu gani.

Wiki mbili baadaye ikaja sauti kwenye simu, dakika tatu nzima. Kaka anasema mzigo umefika. Watoto wa jirani walidhani ni pipi, mmoja ametafuna, hajambo. Anasema aliiweka minyoo sita kati ya chambo hai, usiku mmoja, kwa majaribio. Sangara hawakugusa. "Sangara wa huku wamesoma kuliko wewe," anasema. Mtumbwi ulikuwa unasikika nyuma, makasia, maji. Makasia, msomaji. Anapiga makasia. Halafu mwishoni kabisa, bila hasira, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Halafu hii pakiti nyingine mtu kanisomea hapa, eti inaitwa oili ya injini. Oili nimeiona, mdogo wangu. Injini yenyewe inakuja lini?"

Niliisikiliza nikiwa kwenye gari pembeni ya ziwa. Maji yalikuwa yameganda, barafu mpaka ng'ambo, na mzee wangu hayupo mpaka majira ya joto. Nikaisikiliza mara tatu. Halafu nikaandika, kwa mara ya kwanza, yote. Giaboksi. Kwa nini sikupokea simu. Lile neno la mwaloni siku ile ya malaria, nikaliandika kama nilivyolisema, nikaomba radhi. Nikamwambia kwenye kopo la kahawa juu ya friji zipo dola 340, si 900, na kila ijumaa naongeza.

Tiki mbili. Za bluu. "Anaandika", ikaacha, "anaandika", ikaacha. Alikaa kama dakika kumi, kioo cha gari kikajaa mvuke.

Jibu lilikuwa maneno matatu: "Tunza. Usinunue minyoo."